Shati Linalofungwa Kike

Watu husema wifi hana urafiki, na mimi siwabishii, maana nimeona mengi. Lakini mke wa kaka yangu, tunayemwita Sindano kwa wembamba wake na kwa ulimi wake, ndiye aliyenipokea niliporudi nyumbani na sanduku moja baada ya ndoa yangu kunishinda. Hakuniuliza kitu. Alisogeza cherehani yake, akaweka meza ya pasi mahali palipobaki, akasema, "Wifi, wewe utapiga pasi na kushona matundu ya vifungo. Kama ni machozi, yatatoka huku mikono inafanya kazi." Tangu siku hiyo tunashona pamoja katika chumba cha mbele.

Chumba hicho kina milango miwili. Mmoja unatoka barabarani, na huo ndio wa wateja. Wa pili una pazia tu, na nyuma ya pazia amelala mama yetu, ambaye kiharusi kilimchukua upande mzima. Lazima ageuzwe, anyanyuliwe, alishwe. Mikono yangu haitaki, anasema nambeba kama gunia. Mikono ya kaka anaionea aibu. Anamtaka Sindano, na Sindano humwendea hata kama nusu ya mkono wa gauni iko chini ya sindano ya cherehani. Alikuwa yatima alipoletwa kwetu kujifunza kazi, na mama ndiye aliyemfundisha. Baadaye akamwozesha mwanawe. Nyumba ni ya baba yetu marehemu. Cha Sindano humo ndani ni cherehani.

Sasa nieleze habari ya shati. Wiki ya harusi alimshonea kaka shati la michirizi ya samawati. Alikuwa ametoka kushona furushi zima la blauzi za wasichana wa shule, na mkono ukafuata mazoea. Shati la mwanamume, upande wa kushoto hulala juu ya wa kulia. La mwanamke ni kinyume chake. La kaka likatoka linafungwa kike. Sisi tulicheka mpaka mbavu zikauma, na bibi harusi akataka kulifumua. Kaka akamnyang'anya. "Usiliguse! Vidole vikibabaika nitajua nimeoa nani." Akalivaa hivyohivyo mwaka baada ya mwaka, na vidole vikazoea. Kwangu mimi hilo lilikuwa pendo lenyewe. Mume wangu mimi hata soksi nilizomtilia viraka hakuwahi kunishukuru.

Mwaka huu kaka alibadilika. Yeye ni fundi friji, mtu wa kurudi nyumbani anahema na kuomba chai. Akaanza kwenda bafuni na simu. Akaanza kutabasamu peke yake mezani. Sindano akaniambia, "Wifi, simu ya kaka yako siku hizi inalala kifudifudi. Nasikia kuna kurasa humo watu wanatafuta wachumba."

"Acha wivu," nikamjibu. "Kwa tumbo lile, nani atamchumbia?"

Alicheka, lakini kile kicheko hakikufika machoni.

Ndipo akaja dada mmoja, muuzaji wa duka la dawa, na kitambaa cha zambarau. Alikuwa mcheshi, mwenye adabu, mtu wa kupendeka, na hilo liliniudhi sana baadaye, maana hata kumchukia ilikuwa kazi.

"Dada, nishonee gauni la kunitoa," akamwambia Sindano. "Jumamosi nakutana na mtu."

"Mtu gani tena?" nikadakia. Umbea ni nusu ya kazi yetu.

"Tumejuana kwenye simu, kwenye ukurasa wa wanaotafuta wachumba. Ni mfanyabiashara. Mgane wa watu, mke wake alifariki. Ana mama mgonjwa, anamhudumia kwa mikono yake mwenyewe."

Sindano alikuwa amepiga magoti, pini mdomoni, futi ikiwa kiunoni mwa yule dada. Mkono ukasimama. Mimi nikajiambia wenye mama wagonjwa ni wengi, lakini roho haikutulia. Nikasema, "Hebu tumwone huyo mgane."

Akatuonyesha picha. Mwanamume amesimama mbele ya kioo, kainua simu, na simu imeficha uso wote. Shati la michirizi ya samawati. Moyo ukanipasuka. Kisha nikatazama vifungo, kwa sababu ndiyo kazi yangu, nikaona kushoto kumelala juu ya kulia. Kiume! Michirizi ile iliuzwa kila duka, nusu ya wanaume wa mtaa walikuwa nayo. Nikamwonyesha Sindano kwa kidole, pale penye vifungo. Aliangalia, akashusha pumzi kwa pua, mabega yakalegea. Nilitamani kumkumbatia.

"Geuka ujione urefu," nikamwambia mteja, furaha imenijaa.

Akageuka kwenye kile kioo chetu kikubwa. Alikuwa kavaa blauzi ya vifungo, blauzi ya kike kabisa. Ndani ya kioo ikawa imefungwa kiume.

Sindano aliona kabla yangu. Amefanya kazi mbele ya kioo hicho ujana wake wote. Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto. Shati la mwanamume yeyote mwingine, kwenye picha ile, lingeonekana la kike. Lililoonekana la kiume lilikuwa limeshonwa kwa makosa, na makosa hayo ameyafanya mtu mmoja tu, mara moja tu, wiki ya harusi yake.

Alitoa pini mdomoni moja moja, akazichoma kwenye kitambaa. "Jumamosi litakuwa tayari," akasema.

Mteja alipotoka nilimrukia. Nilikuwa nawaka, na hasira zangu mimi hazina breki. "Kwa nini hukumwambia?"

"Nimwambie nini? Kwamba marehemu ndiye anayempima kiuno?"

"Basi mwambie kaka. Ama nimwambie mimi, leo hii!"

"Atakana, nami nitabaki hapa. Akikubali, nitabaki hapa vilevile. Nitoke niende wapi, wifi? Na nikitoka, huyo nani atamgeuza?" Akaonyesha pazia kwa kidevu. "Naye amesikia kila kitu. Kiharusi hakikumchukua masikio."

Ndugu yangu ndiye mwenye kosa, mama yangu ndiye kufuli, na mimi nala chakula cha humohumo. Niliona aibu ya damu yangu.

Ijumaa akaniletea shati la samawati. Alikuwa ameshafumua vifungo na kuziba matundu ya zamani kwa uzi mwembamba, huwezi kuyaona usipojua. "Nishonee matundu upande wa kiume," akasema. Nikashona. Tundu la tatu nilirudia.

Jumamosi asubuhi mteja alichukua gauni lake. Lilimkaa vizuri sana, nasema kweli. Akamshukuru Sindano kwa mikono miwili, akaondoka anaimba.

Alasiri kaka akatoka bafuni, ananukia. Alisema kuna friji ya hoteli imeharibika. Akavaa shati mbele ya kioo chetu huku anazungumza nasi, na vidole vikaenda vyenyewe upande viliouzoea. Havikukuta kitu. Vikapapasa tena. Akainamisha kichwa, akatazama kifua chake.

"Nani kagusa shati langu?"

Sindano akasimama. Akamfunga vifungo, kuanzia juu, polepole, kama anavyomfunga mama baada ya kumwogesha. Alipofika cha mwisho akamnyoosha ukosi. "Nimerekebisha," akasema. "Usichelewe. Mtu aliyefiwa na mke hana wa kumsubirisha."

Kaka akaketi kwenye benchi la wateja. Simu yake ikatetemeka kando yake, kifudifudi, ikanyamaza, ikatetemeka tena. Hakuigusa. Sindano naye hakumwangalia. Alikuwa anautazama mlango wa barabarani, uliokuwa wazi, na kwa muda mfupi nikadhani ataondoka. Mungu anisamehe, nilitaka aondoke, na papo hapo niliogopa asije akaondoka.

Nyuma ya pazia mama akaita, "Mwanangu! Njoo unigeuze."

Tulikuwa wawili mle ndani aliotuzaa yeye mwenyewe. Hakuna aliyeinuka, maana sote tulijua anamwita nani. Sindano aliweka futi shingoni, akapita mbele ya kaka, akainua pazia, akaingia.