Ng'ombe Niliyemwinua kwa Kalamu

Niliandika kwamba nimewahi kuinua ng'ombe, na ujinga huo ni wangu mwenyewe. Mimi, ambaye hata mnadani hapa Karatu namtuma mume wangu, kisha akirudi namlalamikia alivyonunua.

Alikuja mtafiti wa fasihi kutoka chuo kikuu. Alikuwa anakusanya maandishi ya wenyeji wa ardhi hizi, ya watu waliohama kwao, na ya ukame. Akasisitiza kuwa anataka yaliyompata mwandishi mwenyewe. Nikajipima: sijahama hata chumba, na ukame wangu mkubwa ni sukumawiki kunyauka. Lakini kitabuni nilitaka kuwemo. Basi nikamwandikia habari ya jirani yangu, mama wa Kimasai aliyehamia huku kutoka Endulen baada ya mifugo yao kuisha. Alinisimulia tukipukuchua mahindi. Kila aliposema "mimi", na mimi nikaandika "mimi".

Mtafiti akarudi amefurahi, akasoma kwa sauti sebuleni kwangu. Jirani alikuwa mlangoni, amekuja kurudisha ungo.

"Kila asubuhi tulimkuta ng'ombe amelala, hawezi kusimama kwa njaa. Mmoja alishika mkia, wengine pembe na ubavu, tukamwinua. Siku alipokataa kuinuka, nilikaa naye mpaka jioni."

"Ng'ombe gani huyo?" jirani akauliza.

"Wa mama hapa. Alipewa na mama mkwe wake siku ya harusi."

Jirani akanigeukia. "Wewe mama mkwe wako si alikupa jembe?"

Nikashika birika, nikamimina chai kwenye kikombe kilichokwisha kujaa.

"Dada," mtafiti akasema taratibu, "hii habari ni yako au si yako?"

"Kuandika nimeandika mimi," nikasema, na hata mwenyewe nikaona jibu lilivyo bovu. "Ng'ombe ni wake."

Nilitegemea jirani acheke, maana kunitania huwa hakosi. Hakucheka. Alimtaja yule ng'ombe kwa jina lake, la Kimasai, polepole. Mahindi yote yale tuliyopukuchua, sikuwahi kumuuliza jina. Nilitamani sakafu inimeze na birika langu.

Mtafiti akamuuliza kama angeruhusu habari hiyo iingie kitabuni, au aiache kabisa. Jirani akaingia, akauweka ungo wangu mezani.

"Iingie, kwa jina langu," akasema. "Na uandike kwamba huyu dada, ndama akiingia uani kwake, anajifungia ndani."