Majibu Yasiyo Sahihi ya Leonia

Maboksi ya vitabu yalifika Katubuka siku ya tisa baada ya Erasto kuzikwa. Dereva wa bajaji aliyeyatoa kituo cha treni aliuliza mwenyewe yuko wapi aje asaini. Leonia, mdogo wake marehemu, akasaini yeye, akayapanga ukutani chini ya msalaba, akakaa chini akayaangalia.

Erasto alikuwa mkufunzi wa hisabati katika chuo cha ualimu. Mtu mpole, mrefu, shati limechomekwa muda wote hata akiwa anapalilia migomba. Kwa miaka mingi aliona jambo lile lile: watoto wanaofika kidato cha kwanza wakijua hesabu zao vizuri, ukiwaletea herufi badala ya namba wanakuwa kama watu waliomwagiwa maji. Akaamua kuwaandikia kitabu cha aljebra kinachoeleza kwa Kiswahili kile wanachokutana nacho darasani kwa Kiingereza.

Alikuwa na namna yake ya kukiandika. Jioni alikwenda Mwanga, kwenye kibanda ambako Leonia alishona sare za shule, akamwekea swali juu ya cherehani. Leonia alimaliza kidato cha nne na hesabu zikamshinda, wala hakuficha. Akijibu vibaya, kaka yake hakumsahihisha. Alimuuliza, "Hapa ulifikiri nini?" Naye Leonia akieleza, Erasto aliandika maneno yale yale.

"Kaka, unaandika ujinga wangu wa nini?"

"Si ujinga. Una njia. Imekosea mahali pa kukata kona tu."

Basi kila sura ya kitabu ikafungwa na jibu lisilo sahihi, limechapwa kubwa, na chini yake swali: Aliyejibu hivi alifikiri nini? Mhariri kule Dar es Salaam alikataa. Alisema hakuna mzazi atakayenunua kitabu cha hesabu chenye makosa. Walibishana kwa simu mwaka mzima. Mwisho mhariri alikubali, kwa sharti kwamba mwandishi akitangaze na kukiuza mwenyewe mkoani kwake.

Hapo ndipo Erasto alipopata taabu. Kuandika aliweza, kujinadi hakuweza. Aliweka picha ya jalada kwenye simu yake watu waione, bila neno lolote, wanafunzi wakamuuliza kama anauza shamba. Alikwenda kwa mkuu wa shule mmoja akaongea naye habari za mvua, akaaga, kitabu kikabaki ndani ya mkoba. Tegemeo lake likawa mkutano wa walimu wa hisabati, ambao kabla ya muhula kufunguliwa hukaa na kupendekeza vitabu vya ziada. Aliombewa nafasi ya kuzungumza. Kisha presha ikampanda asubuhi moja akiwa anavaa viatu, na Bwana akamwita.

Sasa mkutano ulikuwa Jumamosi, na misa ya arobaini ilikuwa bado mbali. Leonia alipotaka kufungua boksi la kwanza, Mzee Bonifasi, baba yao mkubwa aliyeshuka kutoka kijijini Kalinzi baada ya mazishi kusimamia matanga, alimzuia.

"Vitu vya marehemu havifunguliwi matanga hayajaondolewa. Hata kalamu yake."

"Baba mkubwa, hivi hakuvigusa. Vimekuja yeye ameshaondoka."

"Jina la nani limeandikwa juu?"

Leonia akaliacha boksi. Wifi yake Regina, mjane, ambaye hakuruhusiwa kutoka nje ya ua, alimtazama tu. Usiku ule Leonia alisali rozari kwa ajili ya roho ya kaka yake, na katikati ya Salamu Maria akajikuta anaomba habari za vitabu. Aliona aibu, lakini hakuacha kuomba. Alijua mkutano huo ukipita, shule zitachagua vitabu vingine, na kazi ya Erasto itaozea ukutani.

Ijumaa akaja Wilfred, mwalimu mwenzake Erasto, Mnyamwezi wa Tabora, na kwa hiyo mtani wa Waha. Huyu ndiye aliyesimama kaburini akasema Muha huyu amekufa makusudi ili asisahihishe mitihani, na waombolezaji wakacheka huku wanalia, kwa kuwa mtani hazuiwi.

"Mwakeye, Waha," alisalimia kwa Kiha mlangoni. "Mnashindaje? Naona mmeanza kunenepa kwa msiba."

"Karibu, adui," alijibu Mzee Bonifasi.

Wilfred alisikiliza habari za maboksi. Aliinuka, akaenda akakalia boksi la juu, akakunja miguu.

"Nimeteka. Mzigo huu ni wangu mpaka Waha mniletee jogoo. Na asiwe kama wale wenu wembamba wa Kalinzi."

Mzee Bonifasi alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi midomo yake ikacheza.

"Jogoo atatoka baada ya arobaini," alisema. "Kabla ya hapo sina la kusema. Mtani akichukua, amechukua."

"Basi mimi nafungua mali yangu," Wilfred alisema. "Leonia, lete kisu."

"Na kesho utazungumza wewe, mwalimu?"

"Mimi ni wa fizikia. Hicho kitabu mlikiandika wawili. Nitabeba tu."

Jumamosi Leonia alisimama mbele ya walimu amevaa nguo nyeusi. Mwenyekiti, mwalimu Asnath, alikuwa ameshapitia nakala yake.

"Pole sana, dada. Ila nikuulize bila kuficha. Ukurasa wa kumi na nne una jibu la uongo. Mtoto akilikariri?"

Leonia alichukua chaki ili aonyeshe jibu sahihi. Aliandika 7 − (x − 2), akaondoa mabano, akaandika 7 − x − 2. Nyuma mtu akaguna.

"Alama, dada," Asnath alisema taratibu. "Hiyo mbili inakuwa ya kujumlisha."

Leonia aliangalia ubao. Alitamani kaka yake awepo amuulize lile swali lake, na kwa kuwa hakuwepo, akajiuliza mwenyewe mbele ya watu.

"Nilifikiri ile alama ya kutoa imempiga wa kwanza tu," alisema. "Nikadhani wa pili hayumo, kwa sababu amekaa mbali. Ndivyo ninavyofikiri kila mara. Jibu la ukurasa wa kumi na nne ni langu."

Walimu wakafungua ukurasa. Mmoja akasema hivyo hivyo ndivyo wanavyofanya watoto wake, darasa zima, na yeye hupiga tu mkasi wa kukosa. Mwingine akapinga, akisema mtihani hauulizi mtu alifikiri nini. Wakabishana bila kumwangalia Leonia tena. "Mwandishi anasema hapa…" "Hapana, soma chini, mwandishi anataka…" Wilfred aliinamisha kichwa.

Mwisho Asnath aliamua kitabu kijaribiwe muhula mmoja katika shule zitakazokubali, halafu wakutane tena. Mikono michache iliinuka. Haikuwa mingi, lakini iliinuka.

Walipokuwa wanatoka akaingia mwalimu kijana, suruali imelowa hadi magotini. Jina lake Dismasi, anafundisha Mwamgongo. Ziwa lilichafuka, boti ikachelewa. Alifunua kitabu akiwa bado amesimama, akasoma, akacheka kidogo, akasoma tena.

"Shikamoo, dada. Huyu mwandishi anapatikana? Ningependa aje azungumze na watoto wangu."

Wilfred alitaka kujibu, Leonia akamwekea mkono begani.

"Marahaba. Ni kaka yangu. Amelala Kalinzi, Mungu amrehemu." Alisubiri kijana atoe pole, akaipokea. "Nitakuja mimi. Ila ujue nitakosea."

"Ukutani tuna ubao mkubwa," Dismasi alisema.

"Haya. Niambie boti huondoka Kibirizi saa ngapi."