Kinanda kwa Mistari ya Ngoro

Ilikuwa saa nne na robo asubuhi, Jumapili ya mvua, katekista alipofunga daftari lake la matangazo na kusema kwamba kinanda chetu kitaondoka. Saa naikumbuka kwa sababu saa ya ukutani ya kigango, kanisa letu dogo la kijijini, ilining'inia juu kidogo ya kichwa chake, nami nilikuwa na tabia ya kuisoma kila mahubiri yalipokuwa marefu. Mpigaji wetu alikuwa amehamia Songea kufuata kazi.

"Kinanda kisichopigwa huliwa na panya," katekista alisema. "Ikifika Krismasi hatuna mpigaji, kinakwenda kigango kingine chenye watu."

Nyuma yangu bibi mmoja akanong'ona kwa sauti iliyofika altareni: "Chenye watu! Na sisi hapa ni mahindi?"

Nilikuwa na miaka kumi na mmoja, darasa la tano.

Ninyi mliokua miaka ile katika milima ya Mbinga mnajua kinanda kilikuwa nini kwetu. Kijijini kwetu Kitura hapakuwa na umeme. Redio zilikuwa za watu wenye betri, nao waliianika betri juani ili ifufuke. Muziki mwingine wote tuliutoa vinywani. Tuliimba tukicheza rede kwa mpira wa matambara, tuliimba mchakamchaka asubuhi, ukungu ukiwa mzito hata humwoni anayekimbia mbele yako, unasikia nyayo zake tu. Msimu wa kahawa kijiji kizima kilinuka maganda mekundu yanayochacha, na tulifyonza utamu wa punje kwa siri kabla hazijaingia kwenye mashine ya kumenyea. Katika hayo yote, kinanda kilikuwa kitu pekee chenye sauti ndefu isiyohitaji kuvuta pumzi. Nilipokisikia nilihisi kama mtu amefungua mlango mahali nisipopajua, na hewa ya huko inanifikia.

Baada ya misa nilimwambia mama kwamba nataka kukipiga mimi.

"Unataka kujifunza, au unataka kuonekana?" aliniuliza.

"Kujifunza."

"Basi tutafute mwalimu."

Enzi zetu mwalimu wa muziki hakutafutwa kwa kidole juu ya kioo cha simu. Alitafutwa kwa miguu, na kwa adabu. Kijijini alikuwapo mmoja tu: Mwalimu Gaudensi, Mnyasa wa kandokando ya ziwa, aliyestaafu kufundisha shule ya msingi na kubaki kwetu kwa kuwa alimwoa mwanamke wa Kitura. Zamani alipiga kinanda cha miguu kama kile. Sasa magoti yake yalikataa kukanyaga, na kinanda kisichokanyagwa hakina hewa, na kisicho na hewa ni kabati.

Mama alikwenda kwake kesho yake, mimi nikiwa nyuma nimebeba kikapu cha maharage.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, Mama Kandida. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Na shamba lako la mwaka jana tulilisalimia. Lilikuwa linapita mtoni."

Mwalimu alicheka mpaka akavua miwani. Ulikuwa ukweli mtupu. Kwetu Umatengoni mlima haulimwi hivi hivi. Wanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba; wanawake hufukua udongo katikati ya kila mraba na kuufunika juu ya nyasi. Hubaki mashimo, mstari juu ya mstari, ambayo mvua hulala ndani yake badala ya kuteremka na shamba. Hayo ndiyo ngoro. Mwalimu Gaudensi alikuwa amelima kama mtu wa ufukweni, matuta yaliyonyooka kutoka juu hadi chini, na mvua ya kwanza ilimwachia jiwe.

"Mimi mtu wa ziwani, mama," alisema. "Kule kwetu udongo haukimbii."

"Basi mimi nitakushikia udongo. Wewe mshike mtoto huyu vidole."

Mapatano yao yalikuwa mafupi. Mistari miwili ya ngoro kwa kipindi kimoja. Baba alifyeka na kulaza nyasi kwa siku tatu bila kusema neno, ila siku ya tatu alisema, "Kitu cha kushika nusu, usikishike." Mama na mimi tukafukua. Mistari arobaini na minne. Nilihesabu kwa sababu mgongo ulihesabu. Vipindi ishirini na viwili vilikuwa vyangu kabla sijagusa hata sauti moja.

Ufunguo wa kigango ulikaa kwa katekista, naye hakupenda kuutoa. Kwa hiyo Mwalimu alichukua ubao wa mninga, akauchonga sawasawa, akaupima na kuchora vibonye vyote vya kinanda, vyeupe kwa chokaa na vyeusi kwa masizi ya sufuria. Kila Jumamosi saa tisa niliketi kibarazani kwake, ubao mapajani. Nilibonyeza, na yeye aliimba sauti niliyobonyeza. Nikibonyeza vibaya, aliimba vibaya vile vile, bila huruma, mpaka mkewe alipotoa kichwa dirishani kuuliza nani ameumia.

Hadi leo nikifumba macho naiona ile alasiri. Jua limelala upande. Moshi wa jikoni unakwenda polepole juu ya migomba. Vidole vyangu vinashuka juu ya ubao usio na sauti, na sauti inatoka kwa mzee mwembamba aliyefumba macho. Kwa muda mrefu niliamini, kwa namna watoto wanavyoamini, kwamba muziki unakaa ndani ya watu, na kazi ya vibonye ni kubisha hodi.

Alinifundisha kusoma nota za do re mi kwa kutazama mlima wa ng'ambo. "Ona ngoro zile," alisema. "Kila shimo ni pigo moja. Kila tuta ni ukuta wa kutenganisha. Shimo tupu nalo ni pigo; usiliruke." Mawingu yalipokuwa yakipita, vivuli vyake vilitembea juu ya miraba ile, na mimi nilisoma mlima mzima kama ukurasa.

Tulianza na mkono wa kulia. Hadi mwisho wa Juni nilikuwa nimepata vipindi kumi na vitatu na mkono huo ulijua nyimbo sita. Jumamosi iliyofuata nilimkuta Mwalimu anafunga mizigo. Kaka yake alikuwa amefariki upande wa Mbamba Bay na nyumba ya ukoo haikuwa na mtu.

"Na mkono wa kushoto, Mwalimu?"

"Nadaiwa vipindi vyako tisa, mistari kumi na minane ya ngoro," alisema. "Maharage yake nimeshayala. Sitakufa nayo tumboni."

Nilirudi nyumbani na ubao kichwani, nikilia. Baba alikuwa anatandaza kahawa kwenye kichanja. Alisogea kidogo ili nipate nafasi ya kusimama karibu naye, tukachambua punje hadi giza.

Wiki mbili baadaye alipanda kutoka ziwani Dada Estina, mchuuzi wa usipa, dagaa wale wadogo wa Nyasa, ambaye sauti yake ilimtangulia njiani kwa nusu saa. Chini ya kapu lake, ndani ya mfuko wa sukari, palikuwa na karatasi ya daftari.

"Hii ya kwako wewe, binti wa ngoro," aliniambia. "Mwalimu wako anauliza: kidole cha nne bado kivivu?"

Lilikuwa somo la kumi na nne. Nota za mkono wa kushoto, kwa mwandiko wa ubaoni, wima na safi, na chini yake maelezo: "Mkono wa kushoto ni ziwa, wa kulia ni mtumbwi. Ziwa likikimbia, mtumbwi unazama. Anza polepole." Karatasi ilinuka samaki. Nilikuwa sijawahi kuliona ziwa, ila siku za hewa safi, kutoka kwenye ukingo wa mlima, kama utepe wa buluu ambao mtu angeweza kusema ni anga. Sasa nililisoma kwa vidole. Usiku sauti ya Mwalimu haikuwapo tena. Nilibonyeza na kuimba mwenyewe, taratibu, na ziwa likaingia nyumbani kwetu pamoja na harufu yake.

Karatasi zilikuja kila Dada Estina alipopanda. Zilifika tisa mwishoni mwa Novemba, na deni likaisha. Desemba zikaja mbili zaidi.

Katekista alikubali kunifungulia kigango mara tatu kabla ya Krismasi. Kiti kilikuwa kirefu, miguu yangu iligusa pedali kwa ncha tu, hivyo baba alipiga magoti chini na kuzisukuma pedali kwa mikono yake, mimi nikapiga. Mara zote tatu alitoka na vumbi kwenye suruali ya Jumapili.

Siku ya Krismasi kigango kilijaa hadi milangoni. Baba alikaa upande wa wanaume, benchi la pili. Katekista alinipa ishara. Nikaweka vidole vyote kumi mahali pake, sawasawa kabisa, nikabonyeza. Kimya. Nikabonyeza tena, na kwa mazoea ya miezi tisa ya ubao, nikaimba sauti ile kwa kinywa: "Sooo!"

Watu mia mbili waligeuza shingo. Yule bibi wa nyuma akasema, "Jamani, kinanda kimeingia ndani ya mtoto."

Ndipo baba, mtu asiyewahi kusema lolote kanisani isipokuwa amina, akasimama. "Miguu, Kandida! Kanyaga!"

Nikateleza hadi ukingo wa kiti, nikakanyaga. Hewa ikapanda kwenye mivukuto kwa mlio kama wa mtu anayeamka, na ile sauti ndefu ikafunguka, mkono wa kulia na wa kushoto, mtumbwi na ziwa. Kinanda hakikuondoka. Nilikipiga miaka saba, hadi nilipoondoka mimi.

Mengi niliyoyajua baadaye nilijifunza peke yangu: kushona, kufungua cherehani na kuirudisha, kuongoza duka. Niliyafanya yote kwa njia ya zile karatasi; hatua moja, kisha nyingine, bila mtu wa kuniimbia.

Sasa nakaa Mbinga mjini, na binti yangu Elda, mwenye miaka kumi na miwili, anataka kinanda. Watoto wa leo ni wepesi. Kwa dakika kumi alinionyesha kwenye simu walimu saba wa muziki, wa watoto na wa watu wazima, wote wakitabasamu. Tulimchagua mmoja aliyesema yuko Songea na atakuja kila Jumamosi. Hakutaka tuonane kwanza. Alitaka ada ya nusu muhula itangulie. Hakuna aliyekwenda kubisha hodi kwake, hakuna aliyemtania kuhusu shamba lake, na mimi, ninayepima kitambaa mara mbili kabla ya kukata, nilituma pesa. Jumamosi ya kwanza tulitandika meza. Ya pili tulipiga simu. Ya tatu namba haikupatikana.

Elda alilia kimya kimya, kama nilivyolia mimi. Nikasogea kidogo ili apate nafasi. Kisha nikaenda stoo, nikatoa ubao wa mninga. Chokaa imefifia, masizi bado yapo.

Aliugeuza juu chini. "Mama, hii inachajiwa wapi?"

"Keti. Bonyeza."

Akabonyeza, na mimi nikaimba. Akabonyeza vibaya, nikaimba vibaya vile vile. Akacheka. Nje bodaboda zilipita na muziki wao, na kwa kitambo nilisikia harufu ya usipa, ingawa karatasi zile zimekauka siku nyingi.

Mwalimu Gaudensi alikuwa na masomo yangu tisa mkononi, akiwa mbali, bila mtu wa kumdai, naye akaleta kumi na moja. Yule wa simu hakuleta hata moja. Nimepoteza shilingi elfu tisini.