Sikio Lililonitambulisha Bumula

Kuna aibu ambazo mtu huzikwa nazo, na hii ningezikwa nayo kama wajukuu hawangeniuliza kila Krismasi kwa nini babu ana sikio moja refu na lingine fupi, kwa hivyo acha niseme mwenyewe kabla mke wangu hajasema (yeye huongeza chumvi).

Mimi ni Msabaoti wa Mlima Elgon, nalima mahindi na viazi nje kidogo ya Kitale. Nilipokuwa kijana nilitobolewa masikio kama wenzangu, tukaingiza vijiti vyembamba, halafu vinene, mpaka ndewe, yaani ile nyama ya chini ya sikio, zikarefuka zikakaribia mabega. Ilikuwa heshima, na wasichana walitazama. Wakati wa palizi nilizikunja tu juu ya sikio zisinisumbue, na kwa zaidi ya miaka arobaini sikuwahi kuona shida yoyote.

Shida ilikuja mwanangu Ndiema alipomposa Nekesa, Mbukusu wa Bumula, ambaye baba yake alikuwa mwalimu mkuu aliyestaafu. Nilijiangalia kwenye kioo cha kunyolea nikajiambia hawa watu waliosoma watacheka. Hakuna aliyekuwa amecheka, lakini mimi nilijicheka mapema kwa niaba yao.

"Masikio ni yako, lakini posa si yako," mke wangu, Mama Ndiema, aliniambia. "Ngoja mambo ya watoto yaishe."

Sikungoja. Nilienda kliniki moja mjini, daktari akiwa kijana mpole, akanieleza yote bila haraka: atanidunga ganzi, atakata ngozi iliyozidi, atashona, nitavimba kidogo, nyuzi zitatolewa baada ya wiki moja au zaidi, nisiloweshe, nisivute, nisilalie, na kovu dogo litabaki.

"Uko na sherehe hivi karibuni, mzee?"

Nikasema sina. Ilikuwa Jumatano, na Jumamosi tulikuwa tunaenda Bumula kuongea mahari.

Sasa, jambo ambalo hakuniambia ni kwamba ganzi huzuia maumivu lakini haizuii sauti. Makasi yakikata ndewe unayasikia vizuri sana, maana yanakatia papo hapo mlangoni pa sikio. Nilivumilia sikio la kulia mpaka akashona na kufunga bandeji, ila alipozunguka kuja upande wa kushoto na ile sindano nikajikuta nimeshashuka kitandani nikitafuta viatu, nikamwambia hili lingine nitarudi. Akasema, "Mzee, kweli utaenda hivyo?" Nikaenda hivyo.

Mama Ndiema alinipokea mlangoni, akaangalia bandeji, akaangalia ndewe ya kushoto. "Hilo lingine walikunyima?"

Jumamosi nikavaa boshori, ile kofia ya sufu ya kufunika masikio, nikaivuta mpaka shingoni, na Bumula si mlimani, jua la huko saa sita mchana halina huruma. Tulikaribishwa vizuri chini ya turubai. Mwenye boma, yule mwalimu, akaniita pakoki, ndivyo wazazi wa bwana na bibi wanavyoitana huko, halafu akasema wanaume tuvue kofia tuombe.

Kofia zote zikatoka isipokuwa yangu.

"Nina homa ya masikio," nikasema.

Waliomba, lakini nadhani wengine waliomba macho wazi. Na hapo ndipo khocha wa Nekesa, yaani mjomba wake, akainuka. Wabukusu hawatoi binti kabla hawajachunguza watu anakoenda, na huyu ndiye alikuwa ametumwa Kitale miezi miwili kabla, akaniona sokoni nikiuza viazi, akaulizia tabia yangu kwa majirani na kurudisha habari bila mimi kujua.

"Mimi niliona baba ya huyu kijana kwa macho yangu," akasema. "Ni mzee wa masikio marefu, mpaka hapa. Watu walimsifu. Sasa huyu wa boshori ni nani, bana? Ati mmetuletea mzee wa kukodisha?"

Ndiema akaruka. "Huyu ni baba yangu!"

"Hata wa kukodisha huitwa baba siku hiyo."

Watu wakaanza kunong'ona. Nekesa alinijua, lakini alikuwa ndani ya nyumba, na kwa desturi haitwi nje mpaka wazee wakubaliane. Mwalimu akafunga daftari lake polepole, akasema labda tuahirishe mpaka ukweli ujulikane. Nilimwona mwanangu midomo ikitetemeka, mtu mzima wa miaka ishirini na nane, na bado nikashikilia boshori kwa mikono miwili. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma mpaka leo, wala si kicheko kilichofuata.

Mama Ndiema alinyanyuka, akaja nyuma ya kiti changu, akaing'oa ile kofia. Kulia kukaonekana bandeji, na kushoto ndewe yangu ikaanguka begani kama ilivyozoea.

"Ndiye!" khocha akapiga kelele. "Sikio si ndilo hilo!"

Walicheka mpaka turubai likatikisika, mwalimu akafungua tena daftari, na jioni hiyo tukakubaliana. Bibi yake Nekesa, mama mzee ambaye meno yake ya chini yaling'olewa zamani kwa desturi ya kwao, akanijia na chai, akagusa bandeji taratibu.

"Pole, pakoki. Hili ulikata kwa sababu gani?"

"Niliogopa mtanicheka."

"Na sisi tulikuwa tunakungoja kwa hayo masikio," akasema.

Kwa daktari nilirudi kutolewa nyuzi tu, la kushoto sikumpa. Hakukosea kitu, alishona vizuri na kovu halionekani sana, na anayetaka kushonwa ashonwe, ila asimdanganye daktari kuhusu Jumamosi. Siku ya harusi mpiga picha aliniambia nigeuze uso upande ulio mzuri, nami nikamgeuzia wa kushoto.