Ukulele za Mama wa Mizinga

Aliyeniambia kwamba Nakuru nzima hakuna fundi wa ukulele alikuwa mwenye duka la ala za muziki, ghorofa ya pili, karibu na soko. Alisema hivyo bila kuinua macho kutoka kwa simu yake.

"Mwalimu, mafundi wa hapa wanajua vitanda na majeneza. Ukitaka ala ya kweli, utoe pesa."

Nilimchukia papo hapo. Kusema kweli, nilikuwa nimepanda zile ngazi nikitafuta mtu wa kumchukia. Asubuhi hiyo mwalimu mkuu wangu alikuwa amepanga ukulele sita juu ya meza ya stafurumu, zote zimebanduka kile kibao kinachoshika nyuzi, akawaambia walimu wenzangu: "Hizi ndizo ala za mwalimu wetu wa muziki." Mwalimu wa sayansi alicheka. Nimefanya kazi naye miaka tisa na kicheko hicho bado sijamsamehe.

Mimi ndiye niliyeishawishi shule iachane na filimbi za plastiki, zile ambazo watoto walikuwa wakipokezana pamoja na mate. Nilitaka ukulele, gitaa dogo la nyuzi nne ambalo mtoto wa miaka minane anaweza kulikumbatia bila kutafuta pahali pa kuliwekea. Nilinunua sita za bei rahisi mtandaoni. Nusu muhula, jua la dirishani likayeyusha gundi. Nikabaki na sita za kuwashia jiko.

Mwenye duka aliniteremshia moja kutoka ukutani, akanishikisha kama mtu anayemwonyesha maskini gari. Ndani ya tundu lake kulikuwa na stika ya dhahabu yenye jina la kizungu. "Hii imetoka nje," akasema.

Nilizikaza nyuzi, nikapiga. Nikangoja, nikapiga tena. Nyuzi hazikulegea hata kidogo. Sauti ilikuwa wazi, haina mkwaruzo, na shingo yake ilikaa mkononi vizuri hata nikasahau kwamba nilikuwa nimekasirika. Kisha nikauliza bei, nikakumbuka. Kabla sijairudisha niliinusa, tabia yangu ya tangu utotoni. Nimekulia Elburgon, ambako mbao ndiyo kazi na mbao ndiyo mazungumzo, na mle ndani kulinuka saipresi, mti wa kwetu. Nilijiambia pua yangu imezeeka. Nikashuka.

Dereva wa basi la shule ndiye aliyenifungua macho. Kwao ni Subukia. Nilipokuwa nikimlalamikia alisema, "Kwani si kuna yule mama wa mizinga ya nyuki? Hutengeneza hizo gitaa ndogo pia. Lakini mwalimu, huyo mama ana mdomo."

Nilienda Jumamosi. Nilimkuta kwenye kibanda cha mabati chini ya shamba la kahawa, mizinga mipya imepangwa nje hadi karibu na paa. Alikuwa mwanamke wa miaka sitini hivi, amevaa koti la kiume na gambuti, miwani imefungwa kwa uzi nyuma ya kichwa. Alikuwa anapiga randa. Nilisalimia. Hakuitikia.

"Wewe ni wa kaunti?"

"Hapana, mama. Mimi ni mwalimu."

"Wa nini?"

"Muziki."

"Hiyo si kazi," akasema, akaendelea na randa yake.

Nilimuuliza alijifunza wapi kutengeneza ukulele. "Na wewe ulijifunza wapi kuuliza?" Hadithi hiyo ilibidi nimdodose dereva baadaye: mgeni fulani aliacha ukulele iliyovunjika kanisani kwao, mama huyu akaichukua, akaifungua kipande kwa kipande. Kwa kuwa alikuwa ameshaunganisha mbao nyembamba za mizinga kwa miaka mingi, hakuona ajabu yoyote humo.

Kwenye meza yake kulikuwa na tatu. Nilinyoosha mkono.

"Weka chini! Mikono iko na mafuta."

Ni kweli, nilikuwa nimekula mandazi njiani. Nilijipangusa kwa shati kama mtoto, nikaishika upya. Kichwa kilichongwa vilevile kama cha ile ya dukani, pembe moja imekatwa mshazari. Mbao ni saipresi, zimepakwa nta ya nyuki. Ilikosa stika tu.

"Mama, hii nimeiona Nakuru."

Randa ilisimama. "Umeiona. Sasa?"

"Wewe unamuuzia yule bwana pesa ngapi?"

Alinitajia. Ilikuwa robo ya bei ya dukani. Nilianza kumweleza, akanikata: "Umekuja kununua ama kunisomesha hesabu?"

"Kununua. Kumi."

"Hakuna ya kukuuzia. Zote ziko na mwenyewe."

Niliandika namba yangu ya simu kwenye kipande cha ubao kwa penseli yake. Hakuitazama. Alichukua penseli, akaipangusa.

Njiani kurudi nilikuwa nachemka. Nilimkasirikia yeye kwa kunifukuza, lakini hasira hiyo haikuwa na mahali pa kwenda, kwa hivyo nikaihamishia kwa mwenye duka. Kufika Nakuru nilikuwa nimeshajifanya wakili wa mwanamke ambaye hata maji ya kunywa hakunipa.

Jumatatu baada ya masomo nilipanda zile ngazi. Kulikuwa na mume na mke wakichagua spika ya kanisa. Nilisubiri waelekeze masikio kwangu, hilo nakiri.

"Bosi, hii ukulele imetoka nchi gani?"

"Nilikuambia, nje."

"Nje ya wapi? Ukitoka Nakuru, hata Subukia ni nje."

Alielewa mara moja. Uso wake ulibadilika, nami nikafurahia. Niliwasha tochi ya simu, nikaingiza kucha kwenye tundu, nikaibandua ile stika. Chini yake kulikuwa na namba ya penseli, mwandiko wa fundi. "Imetengenezwa na mama mmoja," nikawaambia wale wawili kwa sauti ya darasani, "anayelipwa robo ya pesa anazowaitisha huyu." Mke alikuwa ameshatoa simu, ananirekodi. Mwenye duka alizunguka kaunta, akanishika mkono wa shati, akanisukuma hadi mlangoni.

"Toka! Wewe ndiye unajua kila kitu!"

Nilishuka nikiwa na furaha ambayo leo inanitia haya. Jioni video ilikuwa imefika kwenye kundi la wazazi wa shule yetu.

Alhamisi nilipigiwa simu na namba nisiyoijua. "Mwalimu. Kuja uchukue vitu zako." Akakata.

Nilimkuta yule mama kibandani, ameketi juu ya mzinga uliopinduliwa. Sakafuni kulikuwa na magunia mawili. Mwenye duka alikuwa amezitoa ukulele zake zote ukutani na stoo, kumi na tisa, akazifunga kwa kamba za mpira nyuma ya pikipiki, akamrudishia. Mbili shingo zilikuwa zimevunjika, moja tumbo limeingia ndani. Alikuwa amezilaza hizo tatu mbovu pembeni, peke yao.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu huyo mtu alikuwa ananunua kila kitu natengeneza. Hakuwahi kuniuliza bei mara mbili."

"Mama, alikuwa anakuibia. Mimi nilitaka watu wajue ni wewe."

"Nani alikuambia nataka kujulikana?"

"Anabandika jina la uongo juu ya kazi yako!"

Aliinuka, akafungua mkebe wa misumari, akanirushia kitu kifuani. Kilikuwa karatasi iliyokunjwa, imejaa stika za dhahabu.

"Stika nilibandika mimi. Hapa, kwa hii meza. Nilienda nikachapisha na pesa yangu. Jina nilitoa kwa mkebe wa rangi."

Niliikunjua ile karatasi. Yeye hakuwa amemaliza.

"Kabla ya hiyo stika niliuza kwa jina langu miaka miwili. Kanisani walinipunguzia bei kama ya sukuma wiki. Shule moja iliniambia nipeleke nne za kujaribu, na mpaka leo wanajaribu. Watu walikuwa wananiuliza kama ni za watoto kuchezea. Nikabandika stika, hakuna mtu ameniuliza tena." Alinisogelea. "Na wewe, mwalimu. Kama hungeipiga kwanza huko dukani ukisikia imetoka nje, ungeteremka hapa Subukia kwa sababu ya mama wa mizinga?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilifungua mdomo kabisa. Kisha nikakumbuka jinsi nilivyoinusa saipresi dukani na kuilaumu pua yangu, kwa kuwa halikunijia wazo kwamba kitu kizuri vile kingeweza kutoka kwa jirani. Nikaangalia yale magunia.

"Kama uko na huruma mingi hivyo," akasema, "nunua."

Nilirudi shuleni na moja mkononi, nikaingia ofisini kwa mwalimu mkuu kuomba kumi. Aliipiga kidogo. Anajua kupiga kidogo, jambo ambalo sikuwa nalijua. Akaipenda, niliona. Kisha akauliza ilikotoka.

"Subukia? Basi watupunguzie."

Hiyo ndiyo siku pekee nimempigia kelele mkubwa wangu. Nilimwambia kwamba ningeileta na stika ya dhahabu angelipa mara nne na kusema asante. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaniambia, taratibu, kwamba wazazi wanne walikuwa wamempigia wakiuliza kama mwalimu anayepigana madukani ndiye anayefundisha watoto wao. Siku hiyo alitia sahihi karatasi mbili: moja ya kununua ukulele kumi kwa bei ya fundi, na nyingine ya onyo, ambayo iko kwenye faili yangu.

Mama wa mizinga alipokea malipo bila kunikaribisha kuketi. Zile zilizovunjika alizitengeneza. Zilizobaki alizipeleka Eldoret, kwa duka lingine, na stika mpya yenye jina lingine.

Alikuja shuleni mara moja tu, kwa sababu nilimlalamikia kwamba nyuzi ziko juu sana kwa vidole vidogo. Nilifikiri hangekuja. Alikuja na patasi kwenye mfuko wa plastiki, akakaa chini ya dirisha la darasa, akazishusha zote kumi bila kutaka malipo. Aliwagombeza watoto wawili waliokuwa wameshika ukulele kama jembe. Msichana mmoja akamuuliza, "Shosho, ni wewe ulitengeneza?"

Alinitazama mimi kwanza, macho makavu. "Kaza hiyo uzi ya pili," akamwambia msichana. "Imelala. Mwalimu wako hasikii?"

Muhula huu mwalimu wa muziki kutoka Gilgil alizisikia ukulele zetu kwenye tamasha, akanifuata nyuma ya jukwaa kuniuliza nilizipata wapi. Nilimwambia angoje, nikasogea kando, nikampigia mama.

"Kuna mwalimu anataka nane. Nimpe namba yako?"

Nilisikia randa ikiendelea, mara tatu, nne. "Mwambie aende Eldoret dukani," akasema, "kama watu wengine." Akakata.

Nikamwambia hivyo. Alienda, akanunua, na baada ya wiki mbili alipitia kwetu kunionyesha moja. Ilikuwa nzuri kuliko zetu. Mama amezidi kunoa mkono. Akanigongagonga begani, akasema unajua, mwalimu, vitu vya nje ni vya nje tu. Meno yangu yaliumana hadi taya likaniuma. Nikaipokea, nikaipiga, nikamrudishia, nikamwambia ametumia pesa zake vizuri.