Tope la Mama Matangi

Mama Matangi alikuwa na ulimi mkali hata kwa meneja, lakini matangi yake aliyasemesha kwa upole. Kwa miaka minane aliyaangalia yote matatu, nyuma ya kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu. Maji machafu yaliingia na madini ya risasi, yakapita kwa bakteria wasioonekana kwa macho, yakatoka safi. Asubuhi aliwalisha molasi ya miwa, kisha akachota tope lililotuama chini na kulianika.

"Wanangu hawachagui chakula," aliwatania wenzake. "Si kama nyinyi mnaohesabu vipande vya nyama kwenye mchuzi."

Tope kavu lilifungiwa mapipani, lori likaja kulichukua. Yeye alimega ndoo moja moja akapeleka bustanini kwake. Zamani alifanya kazi kwenye mabwawa ya maji taka ya mji, na huko kila mtu alibeba tope la kurutubishia mboga. Sembuse hili, ambalo sumu yake ilikwisha kuliwa na bakteria?

Asubuhi moja mkemia mgeni wa kiwanda alimkuta akifunika ndoo.

"Mama, hiyo unaipeleka wapi?"

"Kwenye mchicha wangu. Ukitaka nitakuletea fungu."

Mkemia hakucheka. "Nani anaula?"

"Binti yangu. Ana mimba ya miezi saba, na mimi mwenyewe siuli, mchicha haunipandi."

Mkemia, kijana wa watu, akaketi juu ya pipa. Akamweleza polepole kwamba bakteria hawaimalizi risasi. Inawanata kwenye ngozi, nyingine inawaingia mwilini, nao wanaikusanya kidogo kidogo, maana madini hayaozi. Maji yanatoka safi kwa sababu risasi imebaki kwenye tope.

"Yote?"

"Karibu yote, mama. Na mchicha unainyonya. Anayeumia zaidi ni aliye tumboni."

Mama Matangi aliondoka bila kuaga. Mchuma janga hula na wa kwao, ndivyo tulivyozoea kusema. Huyu alichuma, asile, akawalisha wa kwake peke yao. Njia nzima alitafuta uongo wa kusema, labda kwamba mchicha umepuliziwa dawa ya wadudu.

Alimkuta binti yake jikoni akikatakata mboga.

"Mbona mapema, mama? Wamekufukuza?"

Mama Matangi akalinyakua bakuli, akamwaga mchicha wote kwenye ndoo ya taka. Uongo ukamkataa mdomoni. Akasema yote, tangu tangi hadi sufuria.

"Umenilisha tangu lini?"

"Tangu mwezi wa pili wa mimba. Nilitaka uongeze damu, mwanangu."

Binti akakiweka kisu chini taratibu. "Hao bakteria wako, risasi ikishawanata, huwa inatoka?"

"Twende hospitali," Mama Matangi alisema, akimtafutia viatu, "wakupime damu."

Tumbo lilimzuia binti kuinama, basi mama akapiga magoti amfunge viatu. Kifungo kilimponyoka mara tatu.

"Mama," binti akasema kwa sauti ndogo, "mtoto anacheza. Weka mkono hapa."

Mama Matangi akaunyoosha mkono. Akaona tope la asubuhi, limekauka kwenye kucha, akaurudisha.