Bahasha ya Kundi la Pili

Zamani mtu akitaka kutembea asubuhi alitembea na rafiki yake. Siku hizi anatembea na utafiti.

Daktari Gundi hakuwa daktari. Alikuwa fundi wa kujalidi vitabu, na jina hilo alipachikwa na majirani kwa sababu kwa miaka thelathini na minne vitabu vilivyochakaa vya maktaba ya hospitali vilipita mezani pake, na hakukipaka gundi hata kimoja kabla hajakisoma. Shule aliiacha darasa la sita. Lakini ukimgusia habari za mishipa, ini au chumvi, jiandae kukosa chakula cha mchana.

Aliamini kwamba mwili na nchi ni ndugu wa tumbo moja. "Asiyejitawala mdomo," alisema, "atatawaliwa na daktari leo na mwanasiasa kesho." Alikuwa mtu wa taratibu za kale: mabadiliko yaje polepole, mkubwa aamkiwe, baba alishe wanawe, na serikali ilinde mipaka na barabara, isichungulie sufuria ya mtu. Mwaka ule bunge lilikuwa likijadili kodi ya sukari, naye akawa kama mtu aliyekalia siafu. "Sukari nimeiacha mwenyewe! Kuna waziri aliyeniachisha?"

Hotuba hizo zilikuwa na msikilizaji mmoja. Fundi Saa alikuwa na kibanda mkabala na karakana ya vitabu, na kila alfajiri kwa miaka ishirini na tisa wawili hao walikutana kwenye kona ya ukuta wa hospitali, wakatembea hadi tangi la maji na kurudi. Daktari Gundi alishika upande wa kulia, akiongea. Fundi Saa alishika kushoto, akiitikia "Ehee" na "Kweli, bwana." Watu waliwaita chanda na pete. Walistaafu mwaka mmoja, na kutembea hakukukoma.

Ndipo wakaja watu wa chuo kikuu kutafuta wazee wenye presha. Daktari Gundi alikuwa wa kwanza kujiandikisha, akamburuta na mwenzake. Moyoni alijua wamekuja kumwuliza yeye. Siku ya kupangwa makundi alivaa koti, akabeba daftari lake kwapani.

"Shikamoo, mzee," alisema binti mwenye miwani, mkuu wa utafiti. "Karibu uchague bahasha."

"Marahaba. Kwanza tazama hiki, mwanangu."

Binti akafunua kurasa. Mapigo ya moyo, uzito, alichokula na alichojinyima, kila siku, miaka ishirini na tisa. Akatabasamu kama mtu anayeoneshwa picha za wajukuu wa mwenzake.

"Hongera sana. Lakini hatuwezi kulitumia."

"Kosa lake nini?"

"Halina wa kulinganishwa naye, mzee. Ni wewe peke yako."

Bahasha yake ilisema Kundi la Pili. Ya Fundi Saa ilisema Kundi la Kwanza. Kundi la kwanza litatembea pamoja kila asubuhi kwa mwendo wa haraka na kupangiwa mlo. Kundi la pili litaendelea kuishi lilivyokuwa likiishi, ili lile la kwanza lilinganishwe nalo. Na watu wa makundi mawili wasitembee pamoja kwa miezi sita, matokeo yasije yakachanganyika.

Fundi Saa hakuwa na habari na uso wa mwenzake. Alikuwa akigeuzageuza kile kisaa cha kuhesabu hatua walichofungwa mkononi. "Saa gani hii, haina hata skrubu moja?" Kisha akasema, "Miezi sita si miaka, bwana. Tutaonana tu."

Kesho yake Daktari Gundi alisimama dirishani. Wakapita sita wa Kundi la Kwanza, wamevaa kofia za njano. Upande wa kulia wa Fundi Saa, pale pale, alikuwa Katibu, yule mzee wa chama cha wafanyakazi aliyepigania kila kitu kiwe bure tangu ujana wake, mtu ambaye angeruhusiwa angeitaka serikali imtafunie na chakula. Katika wazee wote wa mtaa, huyo!

Ikawa ndiyo kazi yake. Alfajiri anasimama, pazia mkononi.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "pazia hilo litachoka."

"Naangalia hali ya hewa."

"Hali ya hewa imevaa kofia ya njano?"

Alijaribu kutembea peke yake hadi tangi la maji, akaona njia ni ndefu kama ya kwenda kuzika. Fikra nzuri zilimjia, akageuka kushoto kuzitoa, hapakuwa na sikio. Lakini lililomchoma ini ni siku aliyomsikia Fundi Saa akicheka. Si kutabasamu, kucheka, kichwa nyuma, hadi akashika ukuta. Miaka ishirini na tisa, hakuwahi kucheka hivyo naye. Alidhani ndivyo mtu yule alivyoumbwa.

Mwezi wa nne wivu ukamtoa nyumbani. Alijua jambo moja ambalo watafiti, kwa hesabu zake, hawakulijua. Fundi Saa akifutwa kwenye utafiti, atarudi upande wa kushoto. Alivaa koti lile lile, akaenda kliniki.

"Mwanangu," alimwambia binti, "nakuja kwa ajili ya elimu, si kwa ubaya. Mzee wa saa anawadanganya. Anakunywa chai ya vijiko vinne vya sukari. Asubuhi na jioni. Namjua kama kiganja changu."

Binti akavua miwani. "Vitano, mzee. Alituandikia mwenyewe siku ya kwanza. Sasa ameshuka hadi kimoja."

Pazia la chumba cha vipimo likavutwa. Fundi Saa alikuwa amekaa kwenye kiti, shati limekunjwa hadi begani, mkono umefungwa kipimo cha presha, na nesi amesimama kando yake akiangalia sakafu.

"Ilikuwa inashuka vizuri," Fundi Saa alisema. "Sasa dada, itabidi unipime tena."

"Bwana, mimi nilikuwa..."

"Ulitaka nifukuzwe."

"Nilitaka urudi."

"Kwenda kusikia habari za sukari?" Hakupaza sauti. "Ungekuja kwangu ukasema, 'Mwenzangu, nimekukumbuka sana.' Maneno matatu tu. Mtu mwenye maneno kama wewe!"

Alivuta pazia mwenyewe, kwa mkono usiofungwa.

Miezi sita ilipoisha, Daktari Gundi aliamka mapema kuliko siku zote. Hapakuwa na utafiti tena, kofia zilirudishwa, sheria ya makundi ilikufa. Akaenda kusimama kwenye kona ya ukuta wa hospitali. Usiku kucha alikuwa ameyapanga yale maneno matatu, akayaweka mbele ya ulimi.

Walikuja wanne, wamebaki kutembea kwa hiari yao. Fundi Saa alikuwa katikati, amepungua tumbo, akiongea. Kumbe kodi ya sukari alikuwa akiitetea! Alikuwa akieleza mikono ikiruka, kwamba kama mtu hawezi kujizuia basi na asaidiwe kuzuiwa, yeye ni shahidi. Na Katibu alikuwa amemwinamia, hasemi neno, asije akapitwa na moja.

"Habari za asubuhi, mzee," Fundi Saa alimwambia alipomfikia, kama anavyosalimiwa jirani wa mtaa wa pili, wala hakupunguza mwendo.

"Nzuri," akajibu Daktari Gundi, na yale maneno matatu yakarudi kooni yalikotoka.

Tangu hapo hakupita tena njia ile, na pazia akalifunga. Aliwatazama mara hiyo ya mwisho hadi walipofika kwenye tangi la maji, wakageuka kushika barabara ya upande wa pili, ile ambayo yeye na mwenzake hawakuwahi kuipita, Fundi Saa bado akiongea.